Bundi wote wamefanana: matatizo ya kazi za darasani zinazofuata sanaa ya Wainuit, na jinsi ya kuyatatua

Mwalimu anayetaka kufundisha uchapaji wa mkono, uchongaji mdogo au picha za kitambaa atafaidika sana akiwaonyesha wanafunzi wake sanaa ya Wainuit, wenyeji wa nchi za baridi za kaskazini kabisa ya dunia. Maumbo yake ni machache na makubwa, mistari haina woga, na karibu kila kifaa kina kibadala kinachopatikana sokoni kwetu. Hata hivyo kazi zinazotoka darasani mara nyingi hazifanani na kile walichoonyeshwa, na kasoro zake hujirudia darasa hadi darasa. Nimezipanga hapa kwa dalili, kuanzia zile zinazoharibu kazi kabla kisu hakijashikwa.

Kabla ya kutafuta kosa lolote, muulize mwanafunzi: “Unamfuata msanii gani, na yeye alitumia njia gani?” Akijibu “Wainuit” basi, chanzo umeshakipata. Wainuit wako Alaska, kaskazini mwa Kanada, Greenland na pembe ya mashariki kabisa ya Urusi. Kumwambia mtoto achore “Kiinuit” ni kama kumwambia mtu wa mbali achore “Kiafrika”: ataleta twiga, machweo na mwanamke mwenye mtungi kichwani. Anayeweza kutaja jina la msanii, mji na njia ya kazi huwa tayari amevuka nusu ya matatizo yanayofuata.

“Mwalimu, nimeweka kila kitu”

Dalili: kwenye karatasi moja kuna nyumba ya theluji, dubu mweupe, pengwini, nguzo ya totemu na mtu mnene wa manyoya anayetabasamu.

Chanzo ni katuni na picha za haraka za intaneti. Pengwini hawaishi Aktiki. Makao yao ni upande wa kusini wa dunia, na hawajawahi kukutana na dubu mweupe porini. Nguzo za totemu ni urithi wa mataifa mengine kabisa, kama Haida na Tlingit wa pwani ya Pasifiki, nchi ya misitu mikubwa ya mierezi. Sehemu kubwa ya nchi ya Wainuit haina mti wa kuchonga nguzo. Nyumba ya theluji nayo ilikuwa makazi ya baridi na ya safarini. Leo watu wanaishi kwenye nyumba za kawaida, katika miji yenye shule, maduka na kiwanja cha ndege.

Usimpunguzie mwanafunzi kitu kimoja kimoja, atakuwa anafuta tu. Mpe karatasi mpya na msanii mmoja. Kwa chapa za ndege, Kenojuak Ashevak wa Kinngait, mji mdogo wa kaskazini mwa Kanada. Kwa kitambaa, Jessie Oonark wa Qamani'tuaq, mji ambao ramani nyingi zinauita Baker Lake. Kwa uchongaji, Pauta Saila, ambaye dubu wake wa jiwe wanacheza ngoma kwa mguu mmoja. Kwa anayependa mashine, Pudlo Pudlat, aliyeweka ndege na helikopta kwenye michoro yake pamoja na wanyama wa nchi yake. Mwaka 1990 Jumba la Taifa la Sanaa la Kanada lilimfanyia maonyesho makubwa ya peke yake. Kwa maisha ya ndani ya nyumba, Annie Pootoogook, ambaye nitamrudia mwishoni.

Bundi wote wamefanana

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote. Mwalimu anaonyesha chapa moja, “The Enchanted Owl” ya Kenojuak ya mwaka 1960, kisha anasema “haya, fanyeni yenu”. Kila mtoto anatoa bundi yuleyule: macho ya duara, manyoya yanayotawanyika kama miali, mkia juu. Chapa hiyo ni maarufu sana, mwaka 1970 iliwekwa hata kwenye stempu ya Kanada, kwa hiyo kila anayeiona anajua kilichonakiliwa.

Chanzo si uvivu wa watoto. Wameonyeshwa matokeo bila kuonyeshwa yalikotoka. Kenojuak, aliyezaliwa mwaka 1927, alikulia kwenye kambi za uwindaji za kusini mwa Kisiwa cha Baffin, na kabla ya kuwa mchoraji alikuwa mshonaji, kama wanawake wenzake. Chapa yake ya kwanza, sungura anayekula mwani, ilitokana na pambo alilokuwa amelishona kwenye mkoba wa ngozi ya sili. Ukikata ngozi nyeusi na kuishona juu ya ngozi nyeupe, huna kivuli wala upande wa mbali. Una ukingo tu, na ukingo huo lazima useme kila kitu. Nguvu ya bundi wake imetoka hapo, kwenye mkasi.

Kwa hiyo tiba ni mkasi. Ondoa penseli mezani. Mpe kila mwanafunzi karatasi nyeusi na mkasi, akate ndege mzima kwa mkato mmoja mrefu bila kuchora kwanza. Wa kwanza atakuwa kama viazi. Wa tatu au wa nne ataanza kuwa na shingo. Hapo mwambie achague sehemu moja ya mwili na kuikuza kupita kiasi, iwe mkia, mbawa au kishungi, mpaka ijaze ukurasa. Hicho ndicho Kenojuak alichokifanya kwa manyoya. Ndege awe wa mwanafunzi mwenyewe: hondohondo ana mdomo unaoomba kukuzwa, korongo ana miguu, kanga ana madoa yanayofaa sana kwa ncha ya kisu.

Kuna sababu nyingine ya kumwacha bundi. Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki bundi akilia juu ya paa ni habari mbaya, na mtoto anaweza kukataliwa kubandika picha yake ukutani. Usimlazimishe wala usimcheke. Mweleze kwamba huko Kinngait bundi mweupe ni ndege wa kawaida wa nchi ile, kisha mwache achague mwingine.

Kila kitu ni bluu na nyeupe

Mwanafunzi anadhani nchi ya theluji ni nyeupe mwaka mzima. Kiangazi ardhi ile huwa na kahawia, nyekundu ya majani madogo, njano ya kuvu wa mawe na kijani. Mwonyeshe vitambaa vya Oonark, vyenye rangi kali zilizokaa bega kwa bega, na umpige marufuku bluu kwa kipindi kimoja. Inatosha.

Chapa imetoka vibaya

Hapa matatizo ni ya mkono na yanatibika haraka, ila ni mengi. Kwanza picha ya jinsi chapa za jiwe zinavyofanyika, maana makosa kadhaa yanatokana na kutoijua. James Houston, msanii kutoka kusini mwa Kanada aliyefika kaskazini mwaka 1948, alianza majaribio ya uchapaji pamoja na wasanii wa Kinngait mwaka 1957. Mwaka uliofuata alikwenda Japani kujifunza kwa mchapaji Un'ichi Hiratsuka, na mwaka 1959 mkusanyo wa kwanza wa chapa ukatolewa. Tangu hapo kazi imekuwa ya watu kadhaa: msanii anachora kwenye karatasi, mchongaji anauhamishia mchoro kwenye jiwe lililosawazishwa na kukata pasipotakiwa wino, mchapaji anapaka wino kwa rola, anatandika karatasi nyembamba juu na kuisugua kwa mkono. Hawabani kwa mashine. Chapa hutolewa kwa idadi maalum, mara nyingi 50.

Darasani jiwe linakuwa lino (bamba la linoliamu linalochongeka kwa kisu), au kipande cha tyubu ya baiskeli kilichobandikwa juu ya ubao, au sahani laini ya plastiki ya kubebea chakula. Ukitumia hiyo ya mwisho, unabonyeza kwa kalamu badala ya kukata.

Katikati pamefifia, pembeni pamekolea. Kibao kimepinda, au mkono umesugua kingo tu. Weka kibao juu ya meza ngumu isiyo na kitambaa na usugue kwa mgongo wa kijiko kikubwa, ukianzia katikati kwa miduara midogo kuelekea nje. Juu ya karatasi ya chapa weka karatasi nyingine ya kuilinda. Inua kona moja, chungulia, rudisha, sugua palipobaki. Ukiwa umeshika kona ya pili imara, karatasi haitahama.

Mistari myembamba imeziba. Wino umezidi. Sikiliza rola: wino ukiwa sawa, inatoa sauti ndogo ya kunata, ukizidi inateleza na kunyamaza. Paka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene. Kama mistari inaziba hata kwa wino mdogo, mikato ni mifupi kwenda chini. Rudia kwa kisu.

Madoa meupe yasiyotakiwa. Ni vumbi la lino. Piga brashi kavu kabla ya wino, na usichongee juu ya meza unayochapia.

Wino unakauka kabla hujamaliza kupaka. Hili linawasumbua watu wa Dar es Salaam na Mombasa, na wa Dodoma zaidi. Wino wa maji na joto havipatani. Ongeza matone machache ya glisirini, ile inayouzwa duka la dawa, chapa asubuhi, na zima feni wakati wa kupaka. Kama shule ina rangi za maji tu, hizo ni nyepesi mno: changanya na uji mzito wa wanga uliopoa mpaka rangi ishike kwenye rola bila kudondoka.

Karatasi inachanika. Karatasi ya Kijapani inayotumika Kinngait ni nyembamba lakini ina nyuzi ndefu za gome la jamii ya mforsadi, ndiyo maana inavumilia kusuguliwa. Karatasi ya fotokopi ni ngumu na nyuzi zake ni fupi. Karatasi nyororo ya kufungia zawadi au ya magazeti isiyochapwa inafaa zaidi kwa majaribio.

Jina limesomeka kinyumenyume. Kila chapa ni kioo. Mchoro ugeuzwe kabla ya kuchongwa: uchore kwa penseli laini, uulaze kifudifudi juu ya kibao, usugue nyuma. Mchoro utahamia ukiwa tayari umegeuka, na chapa itaugeuza tena uwe sawa.

Lino ni ngumu, visu vinateleza. Iache juani dakika chache, itakuwa laini kama chokoleti ya mfukoni. Visu butu ni hatari kuliko vikali, kwa sababu mtoto anasukuma kwa nguvu. Mkono usio na kisu ukae nyuma ya ncha, kila mara, na kwa hilo sina huruma: anayeuweka mbele anasimama pembeni mpaka aonyeshe ameelewa.

Chapa ni safi lakini haina uhai. Chunguza nani alifanya nini. Mwanafunzi anayechora, kuchonga na kuchapa peke yake mara nyingi anachoka kabla ya hatua ya mwisho. Wagawe watatu watatu kama Kinngait, na wabadilishane nafasi. Mchongaji anapoushika mchoro wa mwenzake analazimika kuamua: mstari huu ubaki au uondoke? Maamuzi hayo yanaonekana kwenye karatasi.

Rangi mbili zimegongana. Si lazima ukate vibao viwili. Kwenye jiwe moja mchapaji wa Kinngait anaweza kupaka rangi kadhaa kwa rola ndogo, akifunika sehemu nyingine kwa karatasi iliyokatwa tundu. Kata karatasi ngumu mbili zenye tundu tofauti, paka rangi ya kwanza, badilisha, paka ya pili, kisha chapa mara moja tu.

Kinyago kimevunjika mguu

Wengi wanaanzia kwenye mche wa sabuni ya kufulia, na ni wazo zuri: inakatika kwa kisu cha mezani na makombo yake yanafulia. Sabuni iliyokaa muda mrefu dukani imekauka na inapasuka. Iliyotoka kiwandani juzi inaganda kwenye kisu. Chagua iliyo katikati, uiache nje ya karatasi yake siku moja.

Mguu unavunjika kwa sababu mwanafunzi ameutenga mapema. Sabuni na jiwe laini vyote vinakatika kirahisi pale panapokuwa pembamba. Mwonyeshe mnyama aliyekusanyika: dubu aliyejikunja, sili aliyelala, mama na mtoto ndani ya kofia la koti lake. Vinyago vingi vya kale vya meno ya walarasi, mnyama mkubwa wa bahari za baridi, vilikuwa vidogo vya kutosha kushikwa kiganjani, bila kitako cha kusimamia, na umbo la kukusanyika linapendeza mkononi. Mwanafunzi afumbe macho na kukipapasa alichochonga. Akikuta ncha inayomchoma, bado kuna kazi.

Achore pande zote nne za mche kabla ya kukata, apunguze kwa vipande vyembamba, na azungushe kinyago kila baada ya muda mfupi. Anayechonga upande mmoja mpaka uishe ataishia na picha bapa iliyonenepa. Anayetaka miguu myembamba mwonyeshe kazi za Osuitok Ipeelee, aliyesimamisha kulungu wa jiwe juu ya miguu inayoonekana haiwezi kumbeba, umweleze kwamba mtu yule alilijua jiwe kwa miaka mingi.

Walioko Kenya, au walio karibu na mpaka, wana bahati ya jiwe la Kisii linalochimbwa Tabaka, ambalo ni la jamii ya jiwe la sabuni. Jiwe la Kinngait mara nyingi ni gumu zaidi na la kijani, ila tabia nyingi zinafanana. Lichonge likiwa limelowa, kwa msumeno wa chuma, tupa na kisu. Mikwaruzo isiyoondoka inatokana na kuruka hatua za msasa: anza na msasa wa maji wa kukwaruza, sugua ndani ya beseni mpaka maji yawe kama maziwa, badilisha maji, endelea na laini zaidi. Likikauka lipake nta likiwa na joto la jua na lisugue kwa kitambaa. Rangi iliyokuwa imejificha itatokea papo hapo, na watoto hupiga kelele kila mara.

Vumbi si jambo la kupuuza. Baadhi ya mawe ya aina hii huwa na asbesto, na vumbi laini la jiwe lolote linaumiza mapafu. Chongea nje, lowesha jiwe, vaa barakoa, na usifagie vumbi kavu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa. Jiwe lisilojulikana lilikotoka lisiingie darasani.

Kitambaa kimekunjamana na nyuzi zinatoka

Picha za kitambaa za Qamani'tuaq zilikua kutokana na ushonaji wa makoti: mabaki ya sufu nzito yalikatwa maumbo na kushonwa juu ya kitambaa kingine. Jessie Oonark, aliyeishi kuanzia mwaka 1906 hadi 1985, alifikisha njia hiyo mbali sana. Kitambaa chake kikubwa cha mwaka 1973 kimetundikwa katika Kituo cha Taifa cha Sanaa za Maonyesho, Ottawa.

Nyuzi zinatoka kwa sababu darasani hutumika pamba au kitenge, vitambaa vilivyofumwa ambavyo lazima kingo zikunjwe. Nunua sweta la sufu halisi la mtumba, lifue kwa maji ya moto sana huku ukilisugua, lianike. Litasinyaa, litakuwa zito, na ukilikata halitatoa uzi hata mmoja. Sweta la akriliki halifanyi hivyo, basi soma lebo kabla ya kulipia.

Kukunjamana kunatokana na gundi. Ondoa gundi kabisa, bana kwa pini na shona. Mishono isifichwe: uzi wa rangi tofauti na mshono unaoonekana ni sehemu ya picha, ndio unaochora manyoya, nyusi na mapambo ya nguo. Mwanafunzi aliyezoea kuona bibi yake akitarizi kofia huko Zanzibar atalielewa hili kabla hujamaliza sentensi.

Kazi ni nzuri, lakini kuna kitu kimeazimwa vibaya

Huu si ugonjwa wa mkono, na mwalimu asiuache upite kwa sababu kazi inapendeza.

Rundo la mawe lenye kichwa na mikono limekuwa pambo la kila mahali, hasa tangu nembo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Vancouver mwaka 2010. Umbo hilo la mtu linaitwa inunnguaq. Inuksuk ni alama ya mawe iliyojengwa kuonyesha njia, mahali pa kuvua, pa kuwindia au palipofichwa chakula, na mara nyingi haina sura ya mtu hata kidogo; inuksuk imo kwenye bendera ya Nunavut, eneo la kaskazini mwa Kanada lililoanzishwa rasmi tarehe 1 Aprili 1999. Mwanafunzi akitaka kuichora, aseme alama yake inamwonyesha msafiri nini. Asipojua, aichore kwanza njia yake ya kwenda shule na alama zinazomwongoza. Somo la kazi ya alama ataliokota humo.

Tatuu za usoni na mikononi za wanawake wa Kiinuit zilikaribia kupotea baada ya wamisionari kuzipinga, na sasa wanawake wenyewe wanazirejesha kwa juhudi na machozi. Zisichorwe kwenye nyuso za watoto siku ya maonyesho. Mama wa bahari, anayejulikana kwa majina kadhaa yakiwemo Sedna na Nuliajuk, ambaye vidole vyake vilivyokatwa viligeuka sili na wanyama wengine wa baharini, hupendwa sana na wanafunzi na huishia kuwa nguva wa katuni. Wasome hadithi nzima kwanza. Wakiisoma, sura yake hubadilika yenyewe. Hakuna anayemchora akitabasamu tena.

Kuna pia wanaonakili saini zilizoandikwa kwa herufi za silabi za Kiinuktitut, lugha ya Wainuit wa huko, na muhuri mwekundu wa nyumba ya theluji unaoonekana kwenye chapa za Kinngait. Futa, bila mjadala. Muhuri ni wa chama cha ushirika na saini ni ya mtu. Wasanii wa Kiinuit wamesumbuliwa muda mrefu na bidhaa bandia, na kwa sababu hiyo serikali ya Kanada ilianzisha mwaka 1958 lebo maalum ya kuthibitisha kazi halisi. Tangu mwaka 2017 inasimamiwa na Inuit Art Foundation, taasisi inayoongozwa na Wainuit. Mwanafunzi atengeneze muhuri wake kwenye kipande cha kifutio. Wanaufurahia kuliko kazi yenyewe.

Kadi ya maonyesho nayo hukosewa. “Sanaa ya Inuit, Kidato cha Pili” si kweli. Sanaa ya Inuit hufanywa na Inuit. Andika jina la mwanafunzi, kisha “baada ya kujifunza chapa za Kenojuak Ashevak, Kinngait, Nunavut”. Jina “Eskimo” mtalikuta kwenye vitabu vya zamani na kwenye jina la awali la ushirika wa Kinngait. Kwenye kadi zenu tumieni Inuit, na Inuk kwa mtu mmoja.

“Mwalimu, mimi si wa kule, nichore nini?”

Nafurahi kila ninapolisikia swali hili, kwa sababu aliyeliuliza ameacha kuiga na anatafuta pa kusimama. Mpeleke kwa Annie Pootoogook, aliyezaliwa Kinngait mwaka 1969 na kufariki mwaka 2016. Bibi yake, Pitseolak Ashoona, alichora maisha ya zamani ya kambini. Mama yake, Napachie Pootoogook, alikuwa mchoraji. Annie alichora alichokiona yeye: watu wamekaa sakafuni wakila, televisheni imewashwa, saa ya ukutani, jiko la safarini na mfuko wa unga. Hakuyaficha hata maumivu ya nyumbani. Kwa michoro ya kalamu na penseli za rangi alishinda tuzo ya Sobey ya Kanada mwaka 2006, na mwaka uliofuata kazi zake zilikuwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya Documenta.

Zoezi: mwanafunzi akae kwenye chumba kimoja cha kwao na achore kwa kalamu bila kufuta. Mistari ya kuta na sakafu kwanza, kisha vitu, kila kimoja kwa ukingo wake, halafu penseli za rangi bila vivuli. Ukuta ubaki mweupe pasipo na kitu.

Mchoro ukitoka kama tangazo la duka la samani, mwanafunzi amekisafisha chumba kichwani kabla ya kukichora. Muulize kilichokuwapo mezani saa ile. Ndipo zinapoanza kutokea: kalenda ya duka la vifaa yenye tarehe zilizozungushiwa wino, chaja inayoning'inia, kapu la vitunguu, jiko la mkaa limetolewa mlangoni, kandambili za watu wanne zikiwa zimechanganyika. Watu wakikosekana kabisa, amekuwa akiona aibu kuwachora. Awaanzie kwa migongo, wakiwa wanaangalia televisheni, kama Annie alivyofanya mara kwa mara. Na akitaka kuiondoa ndoo ya maji kwa kuwa haipendezi, mwambie aiache, aichore na mfuniko wake na kata iliyo juu yake.